Jinsi ya kupata watazamaji wa video zako YouTube kuanzia sifuri (kwa mnaoanza)

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nimepandisha video kumi mbona kila moja imeangaliwa na watu kumi na nne?" "Ninunue kamera gani?" "Niposti saa ngapi?" "Wafuasi elfu moja nitawapata lini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwaiyo naandika hapa mara moja, na we ukiulizwa mpe mwenzio asome. Nitaongelea YouTube maana ndo ninayoijua, ila mengi ya humu yanafanya kazi popote watu wanapoposti video.

Kitu kimoja tu cha nadharia alafu tuingie kazini. Watu wanahangaika na algoridhimu (mtambo wa YouTube unaochagua video za kumuonyesha kila mtu) kama vile ni mlinzi wa getini wa kumbembeleza, kumbe yenyewe inawafuata watazamaji. Mtu mmoja akibonyeza video yako, akakaa, akaimaliza, afu akafungua nyingine yako, mtambo unaona na unaenda kuwaonyesha wengine wenye tabia kama yake. Akibonyeza akakimbia baada ya sekunde nane, hilo nalo linaonekana. Kwaiyo kila hatua hapo chini ina swali moja nyuma yake: huyu mtu mmoja atabaki?

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera ya kawaida. Rekodi kwa 1080p inatosha kabisa. Na futa lenzi kwa kitambaa safi kila mara, nusu ya video zenye ukungu nilizoona tatizo lilikuwa mafuta ya vidole.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu basi nunua hii na achana na kamera. Picha mbaya mtu anavumilia, sauti mbaya havumilii.
- Dirisha. Kaa uso wako ukiangalia dirisha, usilipe mgongo. Ukilipa mgongo unageuka kivuli.
- Kitu cha kushikilia simu isitikisike. Stendi, au vitabu vilivyopangwa, yoyote.
- Programu ya kueditia. CapCut kwenye simu au DaVinci Resolve kwenye kompyuta, ile ya bure inakutosha kwa muda mrefu sana.
- Akaunti iliyothibitishwa kwa namba ya simu. Watu wengi wanaruka hii. Bila kuthibitisha huwezi kupandisha video inayozidi dakika 15 na huwezi kuweka kava yako mwenyewe (ile picha ndogo mtu anayoiona kabla ya kubonyeza video), na bila kava yako umeshapigwa kabla ya mechi.
- Daftari na kalamu. Sitanii.

Usichohitaji: logo inayozunguka na kulipuka, taa za rangi nyuma ya kiti, na jina la chaneli ulilolifikiria wiki tatu.

HATUA ZENYEWE

1. Chagua mtu, ndo uchague mada

Andika sentensi hii ujaze nafasi: "Chaneli yangu inamsaidia ______ aweze ______." Mfano, inamsaidia mtu mwenye baiskeli ambae hajawahi kushika spana aweze kuitengeneza mwenyewe. Nitatumia huu mfano wa baiskeli mpaka mwisho. Kama huwezi kujaza, bado huna chaneli, una mkusanyiko wa video. Leo baiskeli, kesho mpira, keshokutwa umeimba, afu unashangaa aliyekuja kwa ajili ya pancha harudi. Atarudi kufanya nini?

Wengine wataniambia mbona fulani anaposti kila kitu na ana mamilioni. Huyo watu wanamfuata yeye, we bado hawakujui. Ukishajulikana fanya utakavyo.

2. Andika mada 20 kabla ya kurekodi hata moja

Fungua YouTube, anza kuandika neno la mada yako kwenye sehemu ya kutafutia ila usibonyeze. Yale yanayojitokeza chini ni mambo ambayo watu wanayatafuta kweli. Andika "cheni ya baiskeli" uone yanakuja gani: inaruka, imekatika, inapiga kelele. Kila moja ni video. Afu nenda kwenye video za wenzio wa mada hiyohiyo usome komenti, hasa maswali ambayo mwenye video hakuyajibu. Hapo ndo kuna dhahabu na hakuna anaechimba.

Ukifika mada ya nane na umeishiwa, mada yako ni nyembamba sana au huipendi vya kutosha. Bora ujue sasa hivi kuliko baada ya miezi miwili.

3. Tengeneza kichwa na kava KABLA ya kurekodi

Hii ndo hatua ambayo ukiniambia umeifanya vibaya naamini, maana karibu kila anaeanza anafanya kinyume. Anarekodi, anaediti siku mbili, saa tano usiku amechoka ndo anaandika kichwa "VIDEO YA 4" na kava anaacha ile YouTube imechagua yenyewe, amefumba jicho moja. Afu video haibonyezwi na analaumu dunia.

Fikiria vile we mwenyewe unavyotafuta video. Unapitisha kidole, unaona picha ndogo na maneno machache, unaamua ndani ya sekunde. Mtazamaji wako hivyohivyo, haijui kazi uliyofanya ndani, anaona kava na kichwa tu. Kwaiyo anza navyo, na ukiona hujapata kichwa kinachokufanya we mwenyewe utake kubonyeza, hiyo mada iache kwanza.

Kichwa kinaruhusiwa mpaka herufi 100 lakini kwenye simu kinakatwa kabla ya hapo, kwaiyo neno zito liweke mwanzoni. "Habari zenu leo nataka kuwaonyesha jinsi ya kuziba pancha" kinakatwa kabla ya kufika pancha. "Ziba pancha ya baiskeli bila kutoa tairi lote" kinaeleweka na kina kitu kinachomfanya mtu ajiulize, bila kutoa lote, inawezekanaje?

Kava ukubwa wake ni 1280 kwa 720. Weka kitu kimoja kikubwa, na kama ni maneno yasizidi matatu manne, na yasirudie kichwa, yaongezee. Usiweke kitu cha muhimu kona ya chini kulia kwa sababu pale muda wa video unakuja kukaa juu yake. Ukimaliza ipunguze mpaka iwe kama ukucha wa kidole gumba, shika simu mbali kidogo, unaelewa ni nini? Kama huelewi anza upya.

ANGALIZO: usidanganye. Kava ya baiskeli inawaka moto wakati ndani hakuna moto inakupa mibonyezo na inakunyima watu wa kubaki. Tangu 2012 YouTube wanapima muda mtu anaotazama, sio kubonyeza peke yake, kwaiyo huo ujanja ulishapitwa zamani.

4. Andika sekunde 30 za mwanzo neno kwa neno

Sehemu nyingine unaweza kuongea kwa kichwa, hizi 30 andika. Video yangu ya kwanza ilianza na logo na muziki sekunde 25, afu salamu, afu nikaeleza mimi ni nani, afu nikaomba watu wasabskraibu, afu nikaomba msamaha kwa kelele za nje. Nilipokuja kuangalia grafu ya watu wanaobaki ilikuwa kama ngazi ya kushukia kisimani. Ilipofika mada yenyewe nilikuwa naongea na kama watu watatu, na mmoja nadhani alikuwa mimi.

Fanya hivi: sentensi ya kwanza ithibitishe kile alichokibonyeza, ya pili imuonyeshe mwisho utakuwaje (onyesha tairi limejaa upepo, baiskeli inatembea), ya tatu ianze kazi. Jina lako litaje ukiwa unafungua tairi. Na usiombe kusabskraibu kabla hujampa kitu, ni sawa na kuomba mchango kabla hujamkaribisha mtu ndani.

5. Rekodi

Hapa sina mengi. Simu iweke kwenye hali ya ndege ili asikupigie mtu katikati. Laza simu kama ni video ndefu, isimamishe kama ni Shorts (zile video fupi za wima za YouTube). Rekodi nusu dakika ya majaribio na uisikilize kwa earphone kabla ya kuendelea, nasema hivi kwa sababu nimewahi kurekodi dakika 50 maiki haijawashwa. Ukikosea usizime, nyamaza kidogo rudia sentensi, utakata baadae.

6. Ediiti kwa kukata

Anaeanza anadhani kuediti ni kuongeza, kumbe kazi kubwa ni kutoa. Toa pumzi ndefu, "eeh", "yani" za kurudiarudia, toa sentensi uliyosema mara mbili, toa hadithi ya pembeni hata kama unaipenda. Ukimaliza iangalie yote kama mgeni na mahali unapoanza kuchoka na kutaka kushika kitu kingine, papo hapo ndo mtazamaji atatoka. Kata.

Muziki wa nyuma uwe chini sana, ukijiuliza kama uko juu basi uko juu.

7. Pandisha vizuri

Kwenye maelezo, mistari miwili ya kwanza iseme video inahusu nini kwa maneno ambayo mtu angetafutia. Kama video ni ndefu weka sura: andika muda na jina la kipande, lazima ianze na 0:00, ziwe angalau tatu na kila moja isipungue sekunde 10, la sivyo hazitokei. Zile tagi (maneno ya mada unayojaza wakati wa kupandisha) usizipotezee saa nzima, msaada wake ni mdogo sana, mara nyingi ni kwa maneno ambayo watu wanayakosea herufi.

Weka skrini ya mwisho, inakaa kwenye sekunde 5 mpaka 20 za mwisho, na ndani yake weka video MOJA inayofuatana na hii. Na mdomoni usiseme "asanteni kwa kutazama, kwaheri", maana ukisema kwaheri mtu anaondoka, si umemuaga? Sema "sasa pancha imezibwa ila kama tairi linaisha upepo tena baada ya siku mbili shida iko kwenye valvu, nimeionyesha hapa," na unyooshe kidole pale video itakapotokea.

ANGALIZO: kuna swali kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Watu wanajibu ndiyo wakimaanisha "hata watoto wanaweza kuangalia". Hapana, linauliza kama imelengwa kwao. Ukijibu ndiyo, komenti zinafungwa na skrini ya mwisho haifanyi kazi. Nshaona mtu amekaa muda mrefu anajiuliza kwa nini hakuna anaemkomentia.

8. Siku ya kwanza baada ya kupandisha

Jibu kila komenti, na ukiweza jibu kwa swali ili arudi. Ukimtumia mtu linki mtumie anaehusika. Kuirusha kwenye magrupu yote ya familia kunakuletea shangazi ambae ataangalia sekunde sita kwa upendo na kuondoka, sasa sekunde sita za watu arobaini wa namna hiyo ni habari mbaya. Tafuta wenye baiskeli.

Afu weka simu chini. Kurefreshi kila dakika mbili hakuongezi mtu.

9. Baada ya wiki, soma takwimu

Fungua YouTube Studio (sehemu ya YouTube ya kusimamia chaneli yako), mwanzoni angalia namba mbili tu.

Ya kwanza ni asilimia ya waliobonyeza kati ya walioonyeshwa kava. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli zote ziko kati ya asilimia 2 na 10, kwaiyo ukiona 4 usilie. Na ujue namba hii inashuka yenyewe video inapoanza kuonyeshwa kwa watu wasiokujua, hiyo ni dalili nzuri tu.

Ya pili ni grafu ya wanaobaki. Mwanzo itashuka, za wote zinashuka. Tafuta mabonde. Dakika ya 2:10 imeporomoka? Nenda dakika ya 2:10 uangalie ulikuwa unafanya nini. Yangu moja ilikuwa nimesimama kutafuta spana. Na ukiona mlima, pale watu wamerudia kutazama, basi hiyo ni mada ya video inayokuja.

10. Video inayofuata izaliwe na hii

Usirudi kwenye orodha yako ya 20 kwa kufuata namba. Iliyofanya vizuri ina ndugu zake, zitengeneze hizo kwanza na uzipange kwenye playlisti moja. Kuhusu ratiba, moja kwa wiki isiyokosa ni bora kuliko saba wiki hii na kimya miezi miwili. Saa ya kuposti ni jambo dogo, usilikoseshee usingizi.

Kuhusu Shorts

Tangu Oktoba 15, 2024 zinaweza kufika dakika 3. Zinakutambulisha haraka, lakini aliyekuja kwa Shorts mara nyingi hana subira ya video ya dakika 12. Zitumie kama kipande cha kuonja: toa jambo moja lenye kukamilika kutoka kwenye video ndefu, afu unganisha na ile ndefu, kuna sehemu ya kuweka video inayohusiana. Na muda unaotazamwa kwenye mtiririko wa Shorts hauhesabiwi kwenye yale masaa 4,000 ya kutazamwa yanayotakiwa ili ugawiwe hela za matangazo (nitayaeleza chini kwenye Pesa), wengi hawajui.

Mambo yatakayokuharibia chaneli

Kubadilishana kusabskraibu, "nifuate nikufuate". Nimelifanya mwenyewe, nilipata watu kama mia sita ndani ya mwezi nikajiona mfalme. Video iliyofuata waliiangalia tisa. Wale mia sita hawakuwa na haja na mimi wala mimi na wao, na YouTube ilipowaonyesha video yangu wakaipita, ikajifunza kwamba hata watu wangu hawanitaki. Iko kinyume na sheria zao pia, sawasawa na kununua wafuasi.

Muziki na vipande vya wengine. Ile habari ya "ukitumia chini ya sekunde kumi haina shida" ni uongo. Ukidaiwa na Content ID (mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe muziki na video za wengine) mara nyingi hela za matangazo zinaenda kwa mwenye wimbo au video inafungiwa, hiyo bado sio onyo. Onyo la hakimiliki ndo kali, linakaa siku 90 na ukipata matatu ndani ya hizo siku chaneli inaweza kufutwa. Ndani ya YouTube Studio kuna maktaba ya muziki wa bure, anza na huo.

Pesa, maana najua utauliza

Kugawiwa hela za matangazo unahitaji wafuasi 1,000 pamoja na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, au badala ya masaa hayo Shorts zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Masaa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila anaekuja anakaa dakika 2 unahitaji waje mara 120,000, akikaa dakika 6 ni mara 40,000. Umeona kwa nini nimeng'ang'ania suala la kubaki?

UKIKWAMA

Haionyeshwi kwa watu kabisa. Hakikisha kwanza iko wazi kwa wote, utashangaa. Kama iko wazi na chaneli ni mpya, ni kawaida, mtambo haujui umpelekee nani. Tengeneza tano za mada moja zinazotafutwa, usiruke mada.

Inaonyeshwa ila haibonyezwi. Badilisha kava na kichwa, video yenyewe usiiguse. Badilisha kimoja kwanza, subiri siku kadhaa, ndo cha pili, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.

Inabonyezwa ila wanakimbia. Ulichoahidi nje hakipo ndani au kinachelewa kuja. Rudi hatua ya 4. Ndani ya YouTube Studio kuna sehemu ya kukata video iliyokwisha pandishwa, toa yale maneno ya mwanzo bila kufuta chochote.

Wanamaliza ila hawarudi. Hujawapa pa kwenda. Skrini ya mwisho, playlisti, na ile sentensi ya kuunganisha.

Video moja ililipuka, zilizofuata zimekufa. Linganisha mada. Asilimia kubwa ililipuka ya kuziba pancha afu ukafuatisha ya historia ya maisha yako.

Namba zimesimama miezi. Chukua tatu zenye kubaki vizuri zaidi na tatu mbaya zaidi, ziangalie zikiwa zimepangana, daftari mkononi. Tofauti utaiona kwa macho, mara nyingi iko kwenye dakika ya kwanza.

Naona aibu na video za zamani, nizifute? Usizifute. Masaa ya video iliyofutwa, au uliyoificha, hayahesabiwi tena kwenye zile 4,000. Badilisha kava, andika kichwa upya, na kwenye komenti ya juu bandika linki ya ile mpya uliyoielezea vizuri zaidi.